Tope la Khamphai

Shemeji yangu Khamphai ametupwa topeni mara nyingi kuliko nyati wa baba mkwe wangu. Nasema hivi nikijua ananisikia, maana nyumba yake na yangu zinatazamana na mdomo wangu hauna pazia. Zamani hata mwenyewe alijisifia. Hapa kwetu Dongkham, kwenye sherehe ya kurusha roketi za kuomba mvua, roketi ikigoma, aliyeitengeneza hakimbii wala hajifichi. Anasimama pale pale chini ya ngazi ya kurushia, anacheka kwa woga, wenzake wanamkamata mikono na miguu, wanamkimbiza hadi kwenye dimbwi lililochimbwa kwa kazi hiyo, wanamrusha humo na shati lake, na saa yake, na heshima yake yote. Akiibuka anapewa kikombe cha pombe ya mchele. Wanawake tunampigia ngoma na kumwimbia. Nyimbo zenyewe siwezi kuziandika hapa. Zinahusu viungo vya mwanamume vinavyogoma kusimama, na mwanzishaji ni mimi.

Hiyo ndiyo aibu yetu, na ni aibu yenye utamu wake. Mtu anaivaa mchana mmoja, kesho yake inakauka na kubanduka, na keshokutwa anasimulia mwenyewe huku watu wakishika mbavu. Aibu niliyoiona mwaka huu ni ya aina nyingine. Nikiifikiria nashindwa kula.

Khamphai ni kaka wa marehemu mume wangu. Alizaliwa hapa hapa, katika nyumba ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo, na akiwa bado mdogo mama yake alimpeleka hekaluni akasome na kula, kwa sababu nyumbani chakula kilikuwa cha kubahatisha. Siku hizo mafundi wa roketi walikuwa watawa. Mtawa mkuu akamwona mtoto ana mikono mitulivu, akamfanya wa kubeba magunia. Walikuwa wakipanda kwenye mapango ya vilimani kuchota kinyesi cha popo, wanakirowesha, wanakichuja, wanachemsha maji yake, na yakipoa inabaki chumvi nyeupe, shura. Wanaitwanga shura pamoja na makaa ya mti laini. Huo mchanganyiko ndio baruti. Khamphai anasema alinuka popo mpaka wenzake wakakataa kulala karibu naye, na mimi humwambia harufu haijaisha, imezoeleka tu.

Mtawa yule alikuwa amesoma, na alipenda kusimulia akitwanga. Aliwaambia Wachina ndio waliochanganya baruti mwanzo, tena walikuwa wakitafuta dawa ya kuishi milele, wakaishia kuunguza ndevu zao. Wakaifunga kwenye mishale. Wahindi wakaishindilia ndani ya chuma, wakawatandika nayo Waingereza, na Waingereza walipomaliza kuuguza vidonda wakaenda kwao kuiga. Baadaye sana Mmarekani mmoja akaweka mafuta mahali pa baruti. Siku watu walipotembea mwezini, mtawa alikusanya watoto kwenye redio ya hekalu, akawaambia ile roketi na hizi za mianzi ni ukoo mmoja, ila ile imepata kazi mjini. Khamphai amekuwa akiurudia mzaha huo maisha yake yote kama ni wake.

Sisi hatukuwa na haja ya mwezi. Shida yetu ni mvua. Mfalme wa mbinguni, Phaya Thaen, husahau, na roketi ni hodi tunayompigia kabla ya kupanda mpunga ili akumbuke kuna watu huku chini. Kila kijiji kinaleta yake, waamuzi wanapima imekaa hewani muda gani kabla ya kuanguka mashambani, na hapo ndipo majina ya mafundi yanapojengwa na kubomoka.

Nilipoolewa hapa nilikuwa mbishi, na nilimuuliza swali ambalo nilidhani litamkwamisha.

"Wewe mzee," nikamwambia, ingawa hakuwa mzee wakati ule, "hiyo roketi yako ikiwa chini inasukuma ardhi, sawa. Ikishafika kule juu inasukuma nini? Mawingu?"

"Haisukumi kitu," akasema. "Ukiwa ndani ya mtumbwi, ukarusha gunia la mchele nyuma kwa nguvu zako zote, mtumbwi unakwenda wapi?"

"Unakwenda mbele, mimi naingia majini, na mchele wangu umeliwa na samaki."

"Basi ni hivyo. Yenyewe inautupa moto nyuma kwa kasi, na kile inachokitupa ndicho kinachoipeleka. Hata pasipo na hewa ingekwenda. Tena ingekwenda vizuri zaidi."

Akanionyesha na tundu. Baruti inashindiliwa ndani ya bomba hadi iwe ngumu kama jiwe, kisha inatobolewa katikati kwa chuma kirefu, kutoka chini kuelekea juu. Moto hauli mdomoni tu, unalamba kuta zote za tundu lile. Tundu likiwa refu kupita kiasi, moto unakuwa mwingi kuliko mlango wake, na roketi inapasuka. Likiwa fupi inafuka moshi na kukaa. Nyuma inafungwa mwanzi mrefu kama mkia ili isiende kichwa upande. Khamphai amepitia mabomba ya mianzi yaliyofungwa kwa kamba za mtete, akapitia mabomba ya chuma ambayo yakipasuka yanaua, sasa ni ya plastiki ya maji. Tundu halijabadilika, na alilijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani.

Mke wake, Buaphan, alimpata kwa sababu ya tope. Roketi ya kijana Khamphai ilipasukia ngazini, wakamtupa, na Buaphan, aliyekuwa amekuja na watu wa kijiji chake, alicheka hadi akakaa chini. Khamphai akatoka topeni akaenda kumkumbatia mbele ya baba yake Buaphan. Kulikuwa na faini ya kulipwa kwa wazee kwa utovu wa adabu ule, na mwaka haukwisha kabla ya harusi.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, na mdomo ukaenda sikioni. Alirudi kidogo kidogo. Mdomo ukanyooka, mguu ukawa wa kuburura, mkono ukaanza kushika. Wageni walipokuja alichota wali wa kunata kwenye kikapu, akaufinyanga, akauchovya kwenye samaki wa kuvundika, akaupeleka mdomoni, ili wauone mkono ukifanya kazi. Kisichorudi ni kuhisi. Buaphan alimkuta ameegemeza kiganja kwenye sufuria ya kupikia wali kwa mvuke, anazungumza na kuku, wala hana habari. Akamwapisha mkewe asimwambie mtu. Buaphan akaniambia mimi siku ile ile, kwa kuwa siri za nyumba ile huvuka barabara hata viatu hazivai.

Hata kifungo cha shati alifungiwa na mkewe, mlango ukiwa umefungwa. Siku moja niliingia bila hodi nikawakuta. Alinitazama kama nimemkuta uchi. Nikajifanya nimefuata chumvi.

Miezi ilipofika ya kujiandaa, mkuu wa kijiji, Sawaeng, aliitisha kikao hekaluni. Sawaeng ni mtu mpole, na upole wake ni wa kutisha, maana huwezi kugombana nao.

"Mwaka huu mzee wetu apumzike," akasema. "Awe mshauri. Tutamwekea kiti kizuri, akae kivulini."

"Kivulini anakaa nyati," akajibu Khamphai.

Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho akapata alichotaka. Wakakubali atengeneze moja, ya ukubwa wa elfu kumi kama tunavyoiita, ambayo watu wawili wanaibeba begani. Thawi atakuwa msaidizi wake. Thawi ni mtu mzima mwenye mke na watoto, alifundishwa na Khamphai mwenyewe, humwita mjomba kwa heshima, na siku hizi ndiye anayetengeneza zile kubwa za laki.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimchokoza.

"Mkaidi wewe mzee. Wenzako wanatafuta kiti, wewe unakikimbia."

Akasimama njiani, mguu wake ule ukiwa umechelewa nyuma.

"Shemeji, ikipaa, watasema Khamphai bado yupo. Ikigoma, watanitupa, na hapo pia watasema bado yupo. Yote ni uhai. Juu au topeni, lakini siendi kukaa kwenye kiti nikatazame."

Nikamwambia basi nitamtungia wimbo wake mapema, nisije nikashikwa sina kitu. Akafurahi kweli. "Uwe mchafu," akasema. "Usinionee haya."

Kazi walifanyia kwenye banda la nyuma ya hekalu. Wanawake hatuingii wala hatuvuki juu ya bomba, kwa hiyo nikipeleka chakula hukaa kwenye uzio na kupiga domo kutoka pale. Siku waliyomaliza kutwanga nilikuwepo. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamepita usiku na kuacha unyevu. Khamphai akachota unga kidogo kwa ncha za vidole, akauweka katikati ya kiganja chake cha kulia, akamwambia Thawi auwashe.

Hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyopima. Baruti nzuri ikiwashwa kiganjani inatoweka mara moja, na ngozi inapata joto tu, kama umepuliziwa pumzi. Hakuna kipimo kingine wanachokiamini, hata Thawi na simu yake. Mimi wakati ule nilijua tu kwamba wanafanya hivyo. Maana yake sikuijua.

Nikaona unga ule ukiwaka, ukatema cheche, ukakaa kidogo ukiendelea kuwaka. Thawi akatazama miguu yake. Khamphai alikuwa akitazama mbele, uso umetulia, kama mtu anayesikiliza.

"Kavu," akasema. "Hata sijahisi kitu. Shindilia."

"Ndiyo, mjomba," akasema Thawi.

"Usijiunguze wewe mzee," nikapiga kelele kutoka uzioni, "tutakosa wa kumtukana!"

Wakacheka wote wawili. Thawi alicheka kwa kuchelewa.

Roketi ikashindiliwa, ikatobolewa, ikafungwa mkia. Ikavalishwa karatasi za dhahabu zilizokatwa kwa mkasi mdogo, na kichwa cha joka mbele. Watawa wakaisomea na kuinyunyizia maji, na ikishanyunyiziwa haifunguliwi tena, maana ni hodi iliyokwisha kutamkwa. Ilibaki kuipitisha barabarani siku ya maandamano, na kuirusha kesho yake.

Asubuhi ya maandamano Buaphan aliniita jikoni kwake. Khamphai alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umelala mapajani, kiganja juu, na mkewe akimpaka mafuta. Katikati ya kiganja kulikuwa na lengelenge lililopasuka, jekundu, pana kama sarafu.

"Nimemuuliza ameshika nini jikoni kwangu," akasema Buaphan. "Anasema hajashika kitu. Mwongo. Tazama hii!"

"Hajashika kitu jikoni," nikasema. Yakanitoka kabla sijayafikiria. "Hiyo ni ile baruti ya juzi. Niliiona."

Khamphai akakitazama kiganja chake. Sijawahi kuona mtu akikitazama kiungo chake mwenyewe namna ile, kama kimemwibia. Uso ukamshuka. Nikatamani ningekuwa na mdomo wa watu wengine, ule unaofungika.

"Niitie Thawi," akasema.

Thawi akaja na nguo zake za maandamano, hariri na kilemba, amejipaka poda. Akauona mkono, akajua ameitiwa nini.

"Uliona?" Khamphai akamuuliza.

"Niliona, mjomba. Ilikaa."

"Ilikaa, nawe ukashindilia?"

"Ulisema kavu."

"Na wewe ulikuwa na macho! Kwa nini hukuniambia?"

Thawi akaanza kuivuruga poda ya shavuni kwa kidole. "Ningekwambiaje, mjomba? Ningesema nini? Kwamba mkono wako..."

Pale ndipo Khamphai alipojua kwamba Thawi alijua. Na kama Thawi anajua, kijiji kinajua, na wageni wote waliokuja kumtazama akifinyanga wali walikuwa wakimtazama wakiwa wanajua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akauficha mkono kwapani, mzee mzima, kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Buaphan akaingilia kati. "Semeni basi imeharibika, isirushwe. Kuna ubaya gani?"

"Imeshabarikiwa," akasema Khamphai. "Na nikisema haifai, itanibidi niseme nimejuaje."

Kisha akamwomba mkewe shati la kesho, lakini lile la shambani, lililochanika begani.

"Hilo la nini?" Buaphan akauliza.

"Kesho natupwa. Niharibu shati zuri kwa nini?" Na alipolisema hilo akapata nafuu, niliiona nafuu yenyewe ikimwingia. "Shemeji, wimbo wangu uko tayari?"

"Uko tayari, na ni mchafu," nikasema.

"Vizuri. Tope nalijua."

Siku ya kurusha watu walijaa mashambani hadi kwenye tuta la reli. Wazee wote walikuja na mashati mapya, Khamphai akaja na lile la shambani, akikatiza katikati yao akiburura mguu na kuwasalimu. Karibu na ngazi akavua hirizi zake shingoni, akamkabidhi Buaphan, maana hirizi haziingii topeni. Akavua saa. Mwishoni akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso, akampa pia.

"Na haya ya nini?" Buaphan akanong'ona.

"Mwaka ule yalipotea, yakatafutwa na watu kumi," akajibu kwa midomo iliyoingia ndani. Alikuwa na furaha ya woga, ile ile ya ujana wake.

Roketi ya kijiji cha jirani ilipaa vizuri, ikaacha mstari mweupe, tukaitazama mpaka ikapotea machoni. Iliyofuata ilipasukia ngazini, na kishindo chake kikaturusha mioyo. Mafundi wake watatu walibebwa hima hadi dimbwini, wakarushwa mmoja mmoja, nami nikaanzisha, wanawake wakaitikia, ngoma zikalia, na mmoja wao akanijibu kwa maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Ilikuwa sherehe hasa.

Kisha ikapandishwa ya Khamphai.

Thawi akapanda ngazi, akawasha utambi, akashuka mbio. Utambi ukaingia ndani. Tukasikia mluzi mdogo. Moshi mweupe ukaanza kutoka, polepole, mzito, kama wa kuni mbichi. Roketi ikatikisika kidogo pale ilipofungwa. Moshi ukaendelea kutoka, ukapungua, ukakatika. Joka la dhahabu lilikuwa bado linatazama mbinguni, na hakuna kilichotokea.

Khamphai akasogea mbele, mahali pa fundi. Akaitanua mikono yake kidogo ili iwe rahisi kushikwa. Alikuwa anacheka, kinywa kitupu hakina jino, mabega ameyainua kama mtu anayengoja kumwagiwa maji ya baridi.

Vijana wakaja mbio wakipiga makelele, wameshalowa tope la wale wa kwanza. Walipomkaribia wakapunguza. Wa mbele akasimama. Wakatazamana. Niliona mmoja akimwashiria mwenzake kwa kidevu, akiuonyesha ule mguu.

"Nitupeni mimi!" akasema Thawi, akijipenyeza katikati yao. "Tulitengeneza wote. Nitupeni mimi kwa niaba yake!"

Wakashukuru kweli kweli, ilionekana nyusoni mwao. Wakamnyakua Thawi, wakaondoka naye, na kelele zikaanza tena kule dimbwini. Khamphai akabaki peke yake na mikono yake imetanuka.

Kikaja kiti, cha plastiki, cha buluu. Sijui nani alikileta. Mtu mwingine akaleta chupa ya maji, akaifungua kabisa, asije akahangaika na kifuniko. Mke wa Sawaeng akamfungulia mwavuli juu ya kichwa. Walimkalisha kwa upole, wakimshika kwapani, na kwa vile walikuwa wengi na yeye ni mmoja, akakaa.

Sawaeng akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, tumpigie makofi mzee wetu! Pamoja na ugonjwa wote ule, amejitahidi! Amejitahidi sana!"

Wakapiga makofi. Uwanja mzima, vijiji vyote, na watu wa mjini waliokuja na kamera. Walipiga makofi kwa mapenzi, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na kila kofi nililisikia likimtua yeye usoni. Nimewahi kumwona Khamphai amelewa, nimemwona amefiwa, nimemwona kitandani akifutwa mate. Sikuwahi kumwona hivi. Hakujua aangalie wapi. Aliangalia chupa. Kisha akakunja kiganja chake cha kulia akakiweka chini ya paja, ingawa hakuna aliyekuwa akikitazama.

Makofi yalipoisha akasimama. Mwavuli ukamfuata, akausukuma. Akaanza kwenda dimbwini kwa miguu yake mwenyewe, mmoja ukitembea na mmoja ukiburuzwa, na watu wakadhani anakwenda kumpongeza Thawi, wakampisha. Alipofika ukingoni na kuushusha mguu, ndipo walipoelewa. Kijana mmoja akamrukia akamshika kiwiko.

"Taratibu, babu. Panateleza."

Hakumtupa. Alimshikilia mpaka akashuka. Thawi, aliyekuwa humo humo, mwili mzima tope, akaondoka akakaa pembeni, kama mtu anayempisha mkubwa kwenye mkeka. Khamphai akafika katikati. Akajishusha, akakaa. Tope likamfika tumboni. Shati la shambani likaelea nyuma yake.

Hakuna aliyecheka. Ngoma zilinyamaza. Watu walisimama kuzunguka dimbwi kama watu waliofika msibani wakakuta hakuna wa kuwapokea. Buaphan alikuwa nyuma yangu, leso ya meno imebanwa kifuani, na nilisikia anavyovuta pumzi.

Khamphai akatutafuta kwa macho, sisi wanawake wa ngoma. Akaniona.

"Shemeji," akasema kwa kinywa kile kitupu, "anza."

Wimbo nilikuwa nao. Niliutunga wiki nzima, ulikuwa mchafu kama alivyotaka, na ulikuwa mzuri, pengine mzuri kuliko wote niliowahi kuutunga. Wanawake walikuwa wakiningoja. Nikafungua mdomo wangu huu usio na pazia. Nikamwona anavyoningoja, kidevu amekiinua, kama alivyosimama kule akingoja mikono.

"Pole, kaka," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

"Asante," akasema.